Upande wa Kulia ni Wako

Botini, 3 Februari

Shemeji yangu,

Pokea salamu nyingi, na nyingine za akiba ukizimaliza hizo. Mimi mzima, ukitoa bega la kulia ambalo tangu Desemba limeamua kustaafu kabla yangu. Wewe sijui. Huu mwezi wa nne sijapata hata mstari mmoja kutoka kwako, nikasema labda huko nchi kavu kuandika ni dhambi. Mwanao hajambo? Na mgongo wako unaendeleaje? Usinitafute kwa simu. Iliniponyoka Novemba nikiwa nachota maji ngamani, chini kabisa kwenye tumbo la boti, ikafa kifo cha baharia. Sitaki nyingine.

Naandika kwa sababu ofisi ya gati imebandika tangazo. Gati letu litabomolewa lijengwe upya kwa zege. Boti zote ziwe zimeondoka kabla ya tarehe thelathini Machi, zihamie gati la chini, ng'ambo ya daraja, kilomita tisa kuteremka mto. Na kila boti itoke kwa injini yake yenyewe. Ile isiyoweza kutoka itahesabiwa kuwa mabaki, na mabaki yanavunjwa palepale yalipo. Yule karani wa kike mwenye miwani alinieleza hayo kwa upole kabisa, kama mtu aliyeulizwa ni saa ngapi.

Sasa, wewe unajua na mimi najua. Boti ikiwa imefungwa gatini, hata yenye uzee wa yetu inakuacha ulale. Ikianza kwenda, mbao zinajinyonga, na pale zinapokutana ubao na ubao ndipo utakapojua nani alishindilia kalafati ya pamba kuziba mianya na nani alikuwa anapiga soga. Ukiacha kuivuta mteremkoni hapa jirani, hatujaitembeza huu mwaka wa tatu.

Nimeomba nafasi ya kuivuta juu ya mteremko, nje ya maji. Zamani tulikuwa tunapewa wiki tatu kila mwaka, tunafanya kazi kama watu. Safari hii kila mwenye boti anataka kupanda, kwa hiyo nimepewa siku saba tu, kuanzia tarehe ishirini na tano mwezi huu. Boti ina urefu wa mita kumi na nne, ina pande mbili, na mimi nina bega moja. Njoo.

Upande wa kulia ni wako. Sijasahau siku dada yako alipotoka jikoni na chaki, akachora mstari mweupe juu ya sitaha kutoka mbele mpaka nyuma, akatuambia: "Nimechoka kusikiliza nani kaharibu wapi. Kulia kaka, kushoto mume wangu. Atakayegusa upande wa mwenzake atapika yeye mwezi mzima." Mstari mvua iliufuta wiki ileile, na yeye mwenyewe hayupo duniani mwaka wa sita huu, lakini sijasikia mtu aliyeifuta ile amri.

Kuhusu lile blanketi ulilonigombezea siku unaondoka, mimi nimeshasahau. Mtu mzima haachi nyumba ya miaka ishirini na mbili kwa sababu blanketi limeanikwa mahali pabaya. Kama wewe hujasahau, njoo uchague mwenyewe pa kulianika.

Pampu naipiga asubuhi na jioni. Bado ni mara mbili tu kwa siku, tushukuru.

Ni mimi,
Shemeji yako wa majini


Nyumbani kwa mwanangu, 14 Februari

Shemeji,

Barua yako imefika, na tumeisoma mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya kucheka hiyo simu. Sisi huku hatujambo. Pole sana na bega. Lipashe maji ya moto, tena ulipashe kweli, usiishie kusema umelipasha. Mgongo wangu upo, siulalamikii.

Hapa nimepewa chumba cha uani. Kina dirisha moja, linatazama ukuta wa jirani. Kitanda hakitikisiki. Wiki za kwanza nilikuwa naamka asubuhi kichwa kinanizunguka kwa sababu hakuna kinachozunguka, na mwanangu akadhani ni malaria. Bomba liko nje ya mlango. Ukilifungua linatoa maji, ukilifunga linaacha. Mtu anazoea.

Kuhusu kuja, nisamehe. Mwaka huu haitawezekana. Kuna shughuli za hapa nyumbani ambazo mwanangu hawezi kuzifanya peke yake, nikikueleza zote karatasi haitatosha. Lakini usihangaike. Upande wangu ni mzima. Niliushindilia vizuri mwaka jana na mwaka juzi, kwa hiyo hata usiuguse. Ukipanda mteremkoni, siku zako saba zitumie upande wako. Wa kulia upake rangi tu, kwa ajili ya macho ya watu.

Na hilo gati, huwezi kuwaomba wakuongezee muda? Wewe mdomo unao. Wakumbushe kwamba ulikuwepo kabla ya hiyo ofisi.

Nakutakia nguvu.

Shemeji yako wa nchi kavu


Botini, 5 Machi

Shemeji yangu wa mbali,

Nakusalimu wewe, mwanao, na huyo jirani mwenye ukuta. Afya yangu ni ya mtu aliyetoka mteremkoni juzi. Nimekaa juu ya ndoo naandika, maana nikikaa kwenye kiti sitainuka.

Naona mwandiko wako umekuwa mzuri. Herufi zimesimama wima kama askari. Ulipokuwa botini ulikuwa unaandika kama kuku aliyekanyaga lami. Nchi kavu ina faida zake.

Nimefika ofisi ya gati kuomba muda. Karani amenisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaniambia tarehe ni ileile. Nikamuaga.

Siku saba zimekwisha. Nilifanya nilichoweza kufanya, nisiongeze neno hapo. Siku ya kwanza nilikwangua konokono na majani ya mto, mikono ikachanika. Siku ya pili nikachemsha lami. Kuanzia ya tatu nikawa napiga kalafati: unaingiza uzi wa pamba, unagonga, unasogea kiganja kimoja, unaingiza, unagonga. Nyundo ile ya mbao nilikuwa naibadilisha mkono. Ikifika saa tisa mkono wa kushoto nao unasema hapana. Nikawa nalala chini ya boti kidogo, natazama mbao, halafu naanza tena. Mwenye boti ya jirani ana mafundi watatu na redio. Walikuwa wananiita mzee. Siku ya sita mmoja aliniletea chai na akanishikia taa ya gesi nikakausha lami iliyolowa. Sikumwomba, na sikuweza kumkataza.

Unasema upande wako ni mzima, usiguswe. Neno lako nimelipokea.

Nitaondoka tarehe ishirini na nane asubuhi, maji ya bamvua yakiwa yamejaa kabisa, ili nipite kwenye fungu la tope bila kugusa. Injini nimeifanyia usafi. Inakohoa lakini inawaka. Tangu nimerudi majini napiga pampu mara nne kwa siku. Mbao zilikauka juani, labda zinakunywa maji, zitashiba, zitatulia. Kama hazitatulia, basi.

Shemeji, sikufichi, nimechoka. Sichoki kama zamani, pale ambapo ukilala unaamka mtu mpya. Siku hizi naamka na uchovu wa jana ukiwa umenikalia palepale nilipouacha. Dada yako angekuwepo angesema nimezidi kulalamika, angenipa kazi nyingine. Nyumba nyingine mimi sina, hilo unalijua. Hii ikipita daraja nitatulia, isipopita sijui.

Ni mimi,
Shemeji yako wa majini


Nyumbani kwa mwanangu, 16 Machi

Shemeji,

Salamu, na nisamehe sikuulizi hali kwa urefu. Barua yako imefika leo asubuhi na hii lazima iondoke leo.

Usiihamishe boti.

Huu mwandiko mzuri si wangu. Mimi nasema, mwanangu anaandika. Hata ile ya kwanza aliandika yeye. Mikono yangu inatetemeka. Si kwa baridi wala kwa uzee wa kawaida. Daktari ameipa jina, lakini jina halikusaidii kushika kijiko. Ilianza mkono wa kulia, miaka minne iliyopita, kidole kimoja. Nikajiambia ni uchovu. Mwaka uliofuata nilipopanda mteremkoni nikashika nyundo na patasi, nikagundua siwezi kuipiga patasi mahali pamoja mara mbili. Nilijipiga kidole siku hiyo mpaka kucha ikatoka. Wewe ulikuwa upande wako unaimba.

Sikuweza kukuambia. Usiniulize kwa nini, maana nimejiuliza sana kuliko utakavyoniuliza. Mimi ndiye niliyekufundisha kushika patasi ulipokuja kumwoa dada yangu, mtu wa mjini mwenye viatu vya ngozi. Nilikuwa nakucheka. Sasa nikuambie nini?

Kwa hiyo nilipaka puti. Miaka mitatu, shemeji. Kila tulipopanda, nilikuwa nagonga nyundo kwenye mbao ili usikie kelele, halafu naijaza mianya puti laini, naipitisha kidole, napaka rangi juu. Upande wa kulia chini ya rangi hauna pamba mpya hata uzi mmoja. Ile ya zamani imeoza kitambo. Nikimaliza mapema nakuaga nakuja kwa mwanangu siku kumi, najidai napumzika. Ukweli nilikuwa nakimbia macho yako. Na Oktoba, ulipoanza kuzungumzia mteremko wa mwaka huu, nikatafuta ugomvi. Blanketi ndilo lililokuwa karibu.

Boti ikiwa imefungwa, puti inakaa. Ukiitembeza kilomita tisa, mawimbi ya boti kubwa yanakuja ubavuni, mbao zinasogea, puti inatoka yote kama ganda la kidonda. Utakuwa peke yako kwenye usukani. Huogelei vizuri, usinibishie, nimekuona.

Mwanangu ameacha kalamu mara mbili akaniangalia. Nimemwambia aandike.

Nimepiga simu ofisi ya gati. Ameipokea mwanamke, nadhani huyo wa miwani. Amesema ataacha ujumbe kwamba shemeji yako amesema usiondoke. Sikuweza kumweleza zaidi. Waache waivunje, shemeji. Waivunje ikiwa imefungwa, wewe umesimama juu ya gati. Nisamehe kama utaweza, lakini kwanza usiondoke.

Shemeji yako


Nyumbani kwa mwanangu, 3 Aprili

Shemeji,

Natumaini unaisoma hii. Sijui niulize nini kingine.

Tarehe ishirini na nane imepita na hujajibu. Nimepiga simu ofisini mara tatu. Mara ya kwanza hakuna aliyepokea. Mara ya pili mwanamume mmoja akasema boti kumi na moja zimepita daraja na mbili hazikupita, majina hana. Mara ya tatu nikampata yule mama. Anasema ujumbe wangu alikupa kwa mkono wake, wewe ukamshukuru, ukaukunja, ukautia mfukoni. Zaidi ya hapo alikuwa likizo.

Siku hizi sili vizuri. Mwanangu ananiwekea sahani, ananiangalia, anaiondoa. Nasikia maji mahali ambapo hayapo. Jana bomba la uani lilikuwa linadondoka nikatoka na ndoo.

Andika hata neno moja. Andika tusi.

Shemeji yako


Kwenye tope, kabla kidogo ya daraja, 8 Aprili

Shemeji,

Nipo. Nina mafua, mengine mazima. Barua yako ya tarehe tatu nimeipata jana. Nimechelewa kujibu kwa sababu karatasi zote zililowa, na kwa sababu nilikuwa sijui nianze wapi. Naanza na hili: barua yako ya tarehe kumi na sita niliipata siku mbili kabla sijaondoka. Niliisoma yote. Nikaondoka hivyohivyo.

Usishike kichwa. Sikiliza.

Mikono yako niliijua. Puti niliijua pia. Shemeji, tumefanya kazi miaka ishirini na mbili, wewe upande ule na mimi huku, katikati yetu mbao za inchi mbili. Mtu akishindilia kalafati sawasawa, nyundo inalia, na mimi niliye upande wa pili nausikia ule mlio tumboni. Ya kwako mwaka ule ilianza kugonga kama mtu anayebisha hodi na hataki kufunguliwa. Mwanzoni nilidhani ni uvivu, nikakasirika nawe wiki nzima, wala hukujua. Halafu siku moja nikakuona unakunywa uji umeshika kikombe kwa mikono miwili, umekishindilia kifuani kisimwagike. Nikageuka nikajidai natafuta kamba.

Ningekuambia nini? Wewe ulinifundisha kazi. Ulipokwenda kwa mwanao zile siku kumi, nikaenda upande wako, nikatoa puti yote, nikajaza pamba, nikatia lami, nikapaka rangi ileile. Mwaka uliofuata vilevile. Mwaka jana vilevile, na hapo ndipo bega lilipoanza kuharibika, Desemba likakataa kabisa. Ulikuwa unarudi unaugonga ubavu kwa kiganja, unasema, "Naona umekaa vizuri." Nakujibu, "Umekaa."

Na mwaka huu uliponiandikia usiuguse, ni mzima, nilijua maana yake unauogopa, na kazi yangu ya mwaka jana, ya bega bovu, mimi mwenyewe sikuiamini. Zile siku saba zote nilizimalizia upande wako, kuanzia ubao wa mbele mpaka wa nyuma.

Kwa hiyo tarehe ishirini na nane nilikuwa na barua yako mfukoni, pamoja na kikaratasi cha yule mama, na sina hofu na upande wako. Nilikuwa nakuonea huruma wewe. Nikasema nikifika ng'ambo nitamwandikia kwamba upande wake umefika mzima, naye atalala.

Kilomita ya sita, kabla ya daraja, kuna kona. Boti la chuma la kuvuta mchanga likatupita kwa kasi, likatupigia mawimbi matatu. La kwanza tukapanda. La pili nikasikia kitu kinachanika chini, taratibu, kama mtu anayepasua shuka la zamani. Nikafunga usukani kwa kamba nikashuka mbio. Nikaenda kwanza kulia, maana hata kama nimeuziba mwenyewe, barua yako ilikuwa mfukoni. Nikainua mbao za sakafu. Pakavu. Vumbi lipo. Nikapapasa kwa mkono maungio moja moja, hakuna tone.

Upande uliofunguka ni wangu, shemeji.

Kushoto, chini ya jiko, mbao mbili zilikuwa zimeachana kiasi cha kupitisha vidole. Maji yanaingia kwa raha zao. Kwa sababu ukihesabu siku, ni lini niliufanyia kazi upande wangu? Wiki zile ulipokuwepo nilikuwa nagonga huku nakusikiliza wewe. Ulipoondoka nilikuwa upande wako. Siku za mwisho zikibaki mbili tatu, nafanya nini? Shemeji, na mimi nilipaka puti. Ileile yako, ndoo ileile uliyoificha nyuma ya turubai. Nilijiambia mwaka ujao.

Nilipokuandikia Februari uje, sikuwa nataka uje uufanyie kazi upande wako. Nilitaka uje ukae pale, uniambie mwenyewe, ucheke au ulie, halafu niwe huru kuufanyia kazi wangu mbele yako. Nilishindwa kuandika, "Njoo, upande wangu umeoza." Nikaandika, "Upande wa kulia ni wako." Barua moja ya kweli ingetosha, na ilikuwa zamu yangu kuiandika kabla yako.

Nilirudi usukanini, nikaigeuza ukingoni, ikapanda kwenye tope. Ndipo ilipo. Maji yakijaa yanaingia mpaka kwenye vitanda, yakipwa yanatoka na masufuria. Mimi nakaa mbele, juu ya sitaha, chini ya turubai. Nimeokoa jiko, godoro moja, na picha ya dada yako, ukiacha kioo. Nyuzi za pamba zinaning'inia ubavuni upande wa kushoto kama utumbo, na watu wanaopita darajani wanasimama kutazama. Upande wa kulia rangi inang'aa. Kama mtu angeitazama kutoka huko tu, angedhani tumepumzika.

Ofisi imekuja. Yule mama mwenye miwani alivua viatu akatembea kwenye tope kunifikia, nikamheshimu kwa hilo. Amenipa hadi tarehe ishirini na tano. Ama niizibe na kuiondoa, ama nitie saini ivunjwe. Karatasi ninayo. Kuiziba lazima ufanye kazi kati ya maji kupwa na kujaa, muda wa saa tano tu kila mara, watu wanne wazima. Mimi hata ndoo naibeba kwa mkono mmoja. Nilijaribu juzi nikaweka ubao mmoja, maji yakaja yakaung'oa wakati bado nimeushika.

Usije. Sisemi kwa hasira. Sitaki uuone upande wangu.

Shemeji yako


Stendi ya mabasi, 19 Aprili

Shemeji,

Hii nimeiandika kwa mkono wangu, ndiyo maana imechukua siku tatu na ndiyo maana ni ya kuku. Sitaitia posta. Nitakupa ukiwa umesimama mbele yangu, kwa sababu nikifika najua nitaanza kuzungumza habari za basi na mvua, na wewe utaniuliza mgongo, na siku itakwisha.

Barua yako nilisomewa na mwanangu mezani. Alipofika pale pa ubao wa kulia kuwa mkavu nilifurahi, shemeji, nisikudanganye, nilipiga meza. Halafu akasoma mstari uliofuata. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikatoka uani nikakaa chini karibu na bomba, mtu mzima mimi, nikalia mpaka jirani akachungulia ukutani. Miaka mitatu nilikuwa nalala juu ya kazi yako nikidhani nalala juu ya uongo wangu. Ungeniambia. Ningekuambia. Dada yangu angetuchapa wote wawili.

Sikuja kuiziba. Nisingependa udhani hivyo ukiniona nateremka darajani. Wewe mwenyewe umesema inahitaji watu wanne wazima, sisi tukijumlishwa hatufiki mmoja. Nimekuja tutie saini. Kwenye hati ya boti majina ni mawili, lako na langu, kwa hiyo hiyo karatasi yako bila mimi si halali, muulize yule mama. Ningeweza kuipeleka saini kwa posta. Sikutaka ukae peke yako siku watakapoanza kuvunja. Tutasimama ukingoni, tena upande wa kushoto. Nataka kuuona.

Mwanangu amekuja kunisindikiza stendi. Ameweka godoro la pili chumbani kwangu, limegusana na langu kwa sababu nafasi hakuna. Amepika kwa watu watatu kuanzia jana, anasema anajizoeza. Ameniuliza mume wa shangazi anakunywa chai ya sukari vijiko vingapi. Nimekaa nikafikiri, nikaona aibu, nikamwambia sijui. Miaka ishirini na mbili wewe ndiye uliyekuwa unanitengenezea mimi.

Basi linaita. Ukimaliza kusoma niambie ni vijiko vingapi.

Shemeji yako